Mahari ya Zeituni

Abu alipiga goti kwenye nyasi zenye umande, akamfunga mkewe kamba za viatu. Alifunga polepole, fundo mara mbili, kama mtu anayemwandaa mtoto kwa siku ya kwanza ya shule. Zeituni aliitazama kofia yake ya sufi na mvi zilizochungulia pembeni, na moyo ukamkumbusha alichokuja kufanya. Mkifika kule juu, mwambie. Usirudi nyumbani hujamwambia.

Goti la kushoto la Zeituni lilikuwa halikunjiki vizuri. Hakuwahi kumlalamikia Abu. Siku chache baada ya ndoa yao Abu alimkuta mlangoni akihangaika na viatu, akainama bila neno, na tangu hapo ikawa kazi yake kila asubuhi.

"Zimebana?" Abu aliuliza.

"Ziko sawa, Baba Tariq."

"Zikibana njiani useme, Mama Fauzia. Usivumilie tu."

Hivyo ndivyo walivyoitana, kwa majina ya watoto ambao hawakuzaa pamoja. Tariq alikuwa wa Abu na marehemu mkewe. Fauzia alikuwa wa Zeituni na marehemu Mahmoud, mwenye duka la vitambaa pale Mumias, magharibi mwa Kenya. Abu na Zeituni walikuwa wameoana uzeeni, mwezi uliopita tu, na sasa walikuwa ugenini, Tukuyu, kusini mwa Tanzania, mahali ambapo Abu alikuwa ametumia ujana wake wote kwenye mashamba ya chai kabla ya kurudi kwao Musanda. Alitaka mkewe apaone. Jana alimwonyesha chumba alichokuwa akilala, na jiko, na mti aliokuwa akitundikia koti. Leo alikuwa anampeleka kwenye ziwa lililo juu ya mlima, Ziwa Ngozi.

Ahadi ya ziwa hilo ilikuwa ya zamani. Aliitoa wakiwa vijana, siku ya pili ya Idi, vijana wa Mumias na Musanda walipokwenda kutembea msitu wa Kakamega. Walipanda kilima cha Buyangu, wakasimama pale juu wakiutazama msitu ulioenea chini kama blanketi la kijani. Wengine walikuwa wakila mandazi na kupiga kelele. Abu alisogea karibu na Zeituni, lakini si karibu sana, akamwambia kwamba binamu yake aliyekuwa Tanzania amemsimulia habari za mlima wenye ziwa kichwani. Alisema siku moja atampeleka akalione. Zeituni alicheka akamwuliza watakwenda na nini, na Abu akasema kwa miguu. Akampa nusu ya andazi lake, ile nusu kubwa.

Zeituni hakuisahau ile nusu kubwa, hata alipokuwa mke wa mtu.

Kabla hawajaanza kupanda, simu yake iliita kidogo ndani ya kikapu. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Fauzia. Zeituni alijitenga hatua chache, akaiweka simu sikioni.

"Mama, asalaam aleikum. Mimi sina ubaya na Mzee Abu, unajua. Lakini mkirudi kila mtu alale kwake. Yeye Musanda, wewe hapa. Atakuwa anakujanga kukusalimia. Watu wameshasema vya kutosha. Umwambie huko huko mbali, ndio asione aibu mbele ya watu. Sawa, Mama? Na ujifunike, huko ni baridi."

Zeituni aliirudisha simu kikapuni. Fauzia hakuwa mtoto mbaya. Hata katika kumfukuza mzee wa watu alikuwa amefikiria aibu yake. Na Abu naye, tangu siku ya ndoa, alikuwa akimwepushia Fauzia usumbufu. Akija ile nyumba ya Mumias alizunguka nyuma, akaacha viatu vyake kando ya jiko, akaingia kwa mlango wa kuku na kuni. Alisema hataki kumkuta mtoto wa watu sebuleni akamharibia siku.

Ndoa yenyewe ilikuwa ya kimya. Ilifungwa sebuleni pazia zikiwa zimeshushwa. Fauzia aliandaa chai ya watu wote, kisha akaenda jikoni kabla ya dua. Sheikh alipouliza bibi harusi ametaja mahari gani, kaka yake Zeituni alimgeukia, wanawake wakanyamaza wasikie. Zeituni alisema, "Nitamwambia mwenyewe, siku yake." Kaka mtu akakohoa. Sheikh akasema ni haki yake, hata ikikawia, ndoa iko.

Ndoa ilikuwako, ndiyo, lakini Zeituni alijijua. Mahari isiyotajwa ilikuwa kama mguu mmoja aliouacha nje ya mlango. Kuna jambo moja lililomkwama kooni tangu usichana. Mwanamume huyu anayemfunga viatu alishawahi kumwacha. Alikuja nyuma ya ua wa baba yake, akasema neno moja, akaenda Tanzania. Hawakuwahi kulizungumza, hata baada ya kuoana. Na mtu aliyeweza kuondoka mara moja, Zeituni alijiuliza, utamfungulia nyumba yako yote? Ndiyo maana maneno ya Fauzia hayakumwudhi. Yalimfaa. Kila mtu alale kwake.

Aliyewaongoza mlimani alikuwa mwanamke wa pale kijijini, jina lake Tusekile, mwenye buti za mpira na panga. Aliwaamkia kwa shikamoo akipiga goti kidogo, akawatafutia fimbo mbili za kutembelea, akazichonga mahali pa kushikia zisiwachome viganja. Ile ya Zeituni aliipima kwanza kiunoni mwake, akaipunguza kidogo.

Njia iliingia msituni na papo hapo ikawa kama wamerudi nyumbani. Miti mirefu yenye nyuzi za kuvu, harufu ya majani yanayooza, mbega weupe kwa weusi wakiruka juu kwa juu. Zeituni alisema kama si baridi angedhani yuko Buyangu. Abu akasema ndivyo alivyokuwa akifanya miaka yote ile, kila akizidiwa na kiu ya kwao alikuja msitu huu, akakaa kwenye gogo akasikiliza mbega. Hakusema ni nani aliyekuwa akimfikiria. Zeituni hakuuliza.

Palipokuwa na matope Tusekile alitangulia akichimba ngazi ndogo kwa ncha ya panga. Abu alikuwa nyuma, mkono mmoja umeinuliwa bila kumgusa mkewe, tayari kumdaka. Walipanda, wakapumzika, wakapanda. Tusekile aliwasimulia habari za viazi na mvua, akawauliza Kenya kukoje, akacheka Kiswahili chao cha huko kwao, nao wakacheka chake chenye adabu nyingi. Kwenye mianzi, pumzi zilipowaishia, Abu aliegemea fimbo akauliza:

"Dada, hiyo mahari bado iko mbari?"

Tusekile aligeuka. "Mahari, babu?"

"Ndio. Mahari tunaenda."

"Mahari ya kumwolea bibi?" Tusekile alikwisha kuanza kucheka. "Hee, babu, yaani mpaka mmezeeka wote hujatoa mahari? Unakuja kuitolea msituni? Bibi, usikubali. Huku tunadai ng'ombe, tena wenye mimba."

"Si mahari hiyo," Abu alisema akicheka naye. "Mahari. Pale penye ziwa."

"Mahali."

"Ndio hivyo nimesema. Mahari."

Tusekile alishika mwanzi ili asianguke kwa kicheko. Zeituni pia alicheka. Watu wa Musanda alikuwa amewazoea tangu utoto. L na r midomoni mwao zilibadilishana viti zitakavyo, leo hii imekaa hapa, kesho ile. Kwao Zeituni walikuwa wakisema Kiswahili nyumbani, kwa sababu babu wa baba yake alikuja Mumias na wafanyabiashara akaoa akabaki, na dada zake walikuwa wakimchokoza usichanani kwa ajili ya Abu. Walimwita "yule wako anayekura wari." Yeye aliwatupia mto, akarudi dirishani.

Kicheko cha Zeituni kilikatika ghafla. Alisimama na fimbo yake kati ya mianzi.

"Goti?" Abu aliuliza kutoka nyuma.

"Hapana. Twende."

Walikwenda, lakini Zeituni hakuiona tena mianzi wala migomba ya porini. Alikuwa uani kwa baba yake, mikono juu, anaanua nguo kwenye kamba. Ilikuwa alasiri. Upande wa pili wa ua wa michongoma alisikia mtu anahema. Alikuwa Abu, shati limemganda mgongoni, vumbi la miwa mpaka kwenye kope. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Na Zeituni, kwa siku kadhaa, alikuwa akiyaogopa macho kama hayo, maana dukani kwa baba yake alisikia watu wakisema kijana wa Musanda anatafutiwa mahali na binamu yake Tanzania, kwenye chai, na akipata hatarudi. Baba alilisema neno hilo mezani tena, kwa sauti, ili yeye alisikie. Vijana wa shamba, alisema, wakipata mahali hukumbuki hata walikuwa na sura gani.

Kisha Abu akasema kupitia miiba, "Zeituni, nimepata mahali."

Baba alikohoa barazani. Zeituni alikuwa na kanzu ya baba mkononi, bado ina joto la jua. Alijibu, "Kama umepata mahali, nenda." Akazikusanya nguo zote, hata zile mbichi, akaingia ndani.

Na Abu akaenda. Baada ya siku chache alikuwa Tanzania. Ni nani angehitaji ushahidi mwingine?

"Tumefika," Tusekile alisema.

Msitu uliachia ghafla, wakawa kwenye ukingo. Chini yao, chini sana, kati ya kuta za miti zilizosimama wima kila upande, ziwa lilikuwa limelala. Lilikuwa la kijani, si kijani cha majani, ila kile cha glasi nene ya chupa ukiiangalia juani. Halikuwa na wimbi. Kivuli cha wingu kilikuwa kikilivuka taratibu kama mtu asiyetaka kuamsha mtu.

Abu alivua kofia. Alisimama akilitazama ziwa, kisha akamtazama Zeituni akilitazama, na Zeituni alijua bila kugeuka kwamba anatazamwa. Ndivyo alivyomtazama siku ile Buyangu.

Tusekile aliwatandikia mfuko wa plastiki juu ya gogo lililoanguka, akawaambia wakae hapo, maji yenyewe waachie vijana, kushuka ni rahisi lakini kupanda kunaua. Kisha akasogea mbali, akawapa mgongo, akajifanya anachunguza panga lake. Watu wengine huzaliwa na akili hiyo, ya kujua wakati wa kuondoka.

Abu alitoa chupa ya chai kikapuni. Alimimina kikombe kimoja, akampa. Alitoa andazi, akalikata, akampa ile nusu kubwa. Hakufanya hivyo kwa kumkumbusha. Mkono wake tu ulikuwa umezoea.

Zeituni aliishika ile nusu bila kula. Ile sentensi aliyokuja nayo kutoka Mumias ilikuwa tayari ulimini. Mkirudi, kila mtu alale kwake. Badala yake akajisikia akiuliza jingine.

"Baba Tariq, ile siku ulikuja nyuma ya ua kwetu. Ulisema nini?"

Abu aliacha kutafuna. Alifunika chupa ya chai, akaikaza kuliko ilivyohitaji.

"Ya zamani hiyo, Mama Fauzia."

"Nataka nisikie."

"Unajua nilichosema. Wewe ndiye ulinijibu."

"Sema tena."

Abu aliangalia mikono yake. "Nilisema nimepata mahali."

"Mahali gani?"

Abu alimgeukia kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Mahali gani tena? Ile ya kukuoa. Mjomba alinipa ng'ombe. Miwa yetu ilikuwa imechukuliwa na kiwanda, mama akasema chukua pesa yote, nguo zetu tutanunua msimu mwingine. Baba yako alikuwa amesema nisikanyage kwake bila mahali. Basi ile siku nikaipata yote. Nilikimbia kutoka Musanda mpaka Mumias, nikaona siwezi kungoja kesho nije na wazee, wacha nikwambie wewe kwanza. Nikakwambia." Alitulia. "Na wewe ukasema kama nimepata, niende."

Ile nusu ya andazi ilimponyoka Zeituni ikaviringika kwenye majani.

"Nilisema, kama umepata mahali, nenda."

"Ndio. Kama nimepata mahali, niende. Nikasema basi, huyu hanitaki hata nikileta ng'ombe wote wa Musanda. Ng'ombe nikamwachia mama. Binamu alikuwa ananiita siku nyingi, nikaenda."

"Hukuwa umepata kazi Tanzania?"

"Kazi gani? Nilienda kuitafuta nikiwa nimeshafika. Nililala njaa wiki nzima."

Zeituni aliweka kikombe chini. Machozi yalikuja, na juu ya machozi kicheko kikaja, vyote pamoja, mpaka Abu akamshika bega akidhani amepatwa na jambo.

"Abu," alisema. Hakusema Baba Tariq. "Kuna mahali. Na kuna mahari."

"Ndio."

"Ni maneno mawili."

"Yapi?"

"Mahali ni pa kwenda. Pa kukaa. Kazi, nyumba, ziwa hili, hapa ni mahali. Mahari ni ya kuolea. Rrr. Ma-ha-ri."

"Si ndio nimesema?"

"Hujasema. Hukusema siku ile pia. Ulisimama kwenye michongoma ukaniambia umepata pa kwenda. Na dukani wote walikuwa wamesema utakwenda."

Midomo ya Abu ilijaribu maneno yote mawili bila sauti, moja baada ya jingine, na Zeituni aliona kabisa wakati yalipoachana mle ndani, kama watu wawili waliokuwa wakitembea wameshikana na sasa mmoja amegeuka kona. Aliuona uso wa mzee huyu ukirudi nyuma, ukipita chai na baridi na chumba kile kidogo cha Tukuyu, ukifika uani.

"Kwa hivyo hukunikataa," alisema.

"Nilikuwa nimeshapanga nitavaa nini."

Tusekile kule mbali aliwasikia wazee wawili wakisema rrr, rrr, mmoja akikosea na mwingine akimrudisha, na akaamua kutogeuka hata kidogo.

Ule ukimya waliousafirisha kutoka Mumias ulikuwa umekwisha. Zeituni alimwambia habari za Mahmoud, kwa mara ya kwanza bila kuchagua maneno. Alimwambia alikuwa mtu mwema, aliyemletea maji ya kunywa kila usiku bila kuombwa, na ambaye alimwona akitazama njia ya Musanda mara nyingi asimwulize kitu. Abu alisema Mungu amrehemu, na kwamba yeye anamshukuru pia, maana alimtunzia Zeituni. Akamwambia habari za mama Tariq, aliyemwuguza mama yake Abu mpaka mwisho kama binti wa kuzaa. Wote wawili walikubaliana kwamba hawakudhulumiwa na maisha. Kama Zeituni angesikia vizuri siku ile, Fauzia asingekuwako, na Zeituni hakutaka dunia isiyo na Fauzia, hata huyu wa kulalamika kwa simu. Lakini alisikitikia kidogo yule msichana aliyezikusanya nguo zikiwa mbichi. Laiti mtu angemwambia.

"Yule ng'ombe alikuwaje?" aliuliza.

"Mwekundu. Ana doa hapa." Abu aligusa paji lake la uso. "Maziwa yake mama alikuwa anasema ni ya Zeituni. Mpaka amekufa, akikamua alikuwa anasemanga, leo Zeituni ametoa mengi."

Zeituni alilia tena kidogo, na Abu akampangusa kwa ncha ya leso ya mkewe, vibaya vibaya, akimchafua kwa unga wa andazi.

Walipoinua macho, ziwa halikuwapo. Ukungu ulikuwa umepanda kimya ukalifunika lote, kukabaki weupe mtupu mbele yao. Hawakujua limefunikwa saa ngapi.

"Nimekuleta mbali hivi na hujaliona," Abu alisema kwa masikitiko.

"Nimeliona."

Simu iliita tena kikapuni. Abu akasema labda ni Fauzia, apokee, mtoto asije akawa na shida. Zeituni aliitoa simu, akaiangalia, akaiacha mapajani. Sasa ile sentensi ilikuwa imebaki peke yake, haina pa kukaa.

"Fauzia alinituma nikwambie jambo," alisema. "Anataka tukirudi kila mtu alale kwake. Wewe uwe unakuja kusalimia."

Abu aliinamisha kichwa. Alifikiri, kisha akasema polepole, bila uchungu, kwamba kama hilo litampa Zeituni amani na binti yake, yeye yuko tayari. Alishazoea njia ya nyuma. Ataendelea kuacha viatu jikoni.

"Niliitika moyoni," Zeituni alisema. "Asubuhi hii, wakati unanifunga viatu, nilikuwa nimekubali. Nilijua wewe ni mtu wa kuondoka."

"Na sasa?"

"Sasa nataka kutaja mahari yangu."

Abu akaiweka kofia yake kichwani, akainyoosha kwa mikono miwili, kama mtu aliyeitwa mbele ya wazee. Alikaa sawasawa kwenye ule mfuko wa plastiki.

"Taja."

"Siku ile, kama ningesikia, unajua ningekujibu nini? Nilikuwa nayo tayari, nilikuwa nimeisema peke yangu dirishani mara nyingi. Ningekwambia, basi usisimame huko kwenye miiba. Zunguka mbele, ubishe hodi." Alimshika mkono. "Hiyo ndiyo mahari yangu. Tukirudi Mumias usiingie tena kwa mlango wa jikoni. Uje mbele, mchana, viatu vyako uviache kwenye baraza vionekane na kila anayepita barabarani. Ubishe hodi Fauzia akusikie, na majirani wakusikie. Na ulale humo."

"Fauzia atakasirika."

"Atakasirika. Halafu atakuuliza chai yako ina sukari ngapi. Namjua, nimemzaa."

Abu aliangalia upande ambao ziwa lilikuwa. Zeituni aliichukua simu, akabonyeza, akaiweka karibu na mdomo.

"Fauzia, mwanangu, waaleikum salaam. Nimejifunika. Ule mlango wa mbele unaokwama, mwite fundi aurande. Tunarudi wawili."

Aliituma. Mtandao ulikuwa hafifu na kile kiduara kidogo kikawa kinazunguka tu, kinazunguka, lakini yeye alikuwa ameshasema.

Ndipo Abu akainuka. Aliinuka kwa shida, akishika gogo, akishika fimbo. Zeituni akamwuliza anakwenda wapi. Alilizunguka lile gogo kwa nyuma, hatua kwa hatua kwenye majani yaliyolowa, akaja kusimama mbele yake, ukungu wote ukiwa mgongoni mwake. Alipumua kama mtu aliyetoka Musanda mbio.

"Zeituni," alisema, na hakuna aliyemwita hivyo kwa sauti hiyo tangu wakiwa na nywele nyeusi. "Nimepata maha..." Alisimama. Aliupanga ulimi wake. "Mahari."

Ilitoka r safi, ndefu kidogo, ya kujifunza.

Kisha akagonga gogo kwa fimbo, mara tatu.

"Hodi hapa?"

Zeituni alijifunga leso vizuri, kama msichana aliyesikia mgeni barazani.

"Karibu," alisema. "Karibu ndani, Abu. Tulikuwa tunakungoja."